Sikukuu za kitaifa: tusitazame tarehe iliyochaguliwa, tutazame iliyoachwa

#1 Kalenda ya Ukutani

Wakuu, salaam.

Kila ikikaribia 9 Desemba humu jukwaani huzuka ubishi uleule: Tanzania imezaliwa lini? Wa Bara wanasema 9 Desemba, wa Visiwani wanasema 12 Januari, halafu balozi zetu huko nje zinaalika wageni 26 Aprili. Baada ya hapo matusi, na uzi unafungwa.

Mimi nimekuwa nikifuatilia nchi nyingine zilivyozipata tarehe zao, na naona tunalianzia swali mkiani. Tarehe iliyochaguliwa haisemi mengi, kwa sababu serikali yoyote ikishaichagua itaipamba kwa bendera, gwaride na mizinga 21 mpaka ionekane imeshuka kutoka mbinguni. Tafuteni tarehe ambayo ingefaa kabisa kuwa sikukuu, ikaachwa. Halafu ulizeni nani aliiacha.

Chukueni Ujerumani. Ukuta wa Berlin ulifunguka usiku wa 9 Novemba 1989. Mtu wa kawaida angesema mjadala umeisha, hiyo ndiyo siku. Lakini 9 Novemba ya mwaka 1938 ndio usiku ambao Wanazi walichoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi nchi nzima. 9 Novemba 1923 Hitler alijaribu kupindua serikali kule München akashindwa. 9 Novemba 1918 jamhuri ilitangazwa baada ya Kaisari kung'oka. Utapiga fataki siku gani hapo, na utamweleza nini mtoto akiuliza unashangilia ipi kati ya hizo nne? Wakaiacha. Wakachukua 3 Oktoba, siku ambayo Ujerumani Mashariki iliingia rasmi katika Jamhuri ya Shirikisho mwaka 1990.

Na hiyo 3 Oktoba yenyewe ilipatikana kwa hesabu za kikarani. Bunge la Mashariki lilipiga kura Agosti, na wengi walitaka mambo yaishe kabla ya 7 Oktoba, maana hiyo ingekuwa sikukuu ya kutimiza miaka 41 ya dola lao lenyewe. Nani anataka kumwimbia marehemu wimbo wa siku ya kuzaliwa wakati jeneza lipo sebuleni?

Ufaransa ndio walionifurahisha kuliko wote. Mwaka 1880 wabunge waliamua kutafuta sikukuu ya taifa. 14 Julai ikapendekezwa, na papo hapo maseneta wahafidhina wakaja juu: siku ile ya 1789 watu walivamia Bastille, damu ikamwagika, kichwa cha gavana wa gereza kikatembezwa mitaani kwenye mti. Hiyo ndiyo sikukuu? Waliounga mkono wakajibu: kama 1789 inawakera, ikumbukeni 14 Julai 1790. Mwaka mmoja baada ya Bastille kulikuwa na mkutano mkubwa wa amani pale Champ-de-Mars, na mfalme mwenyewe aliapa mbele ya umma kuwa mwaminifu kwa taifa. Basi sheria ya 6 Julai 1880 ikaandikwa bila mwaka! Inasema tu kwamba Jamhuri imeichukua 14 Julai kuwa sikukuu ya taifa ya kila mwaka. Anayependa mapinduzi anashangilia 1789, anayependa utulivu anashangilia 1790, na wote wanatazama gwaride moja pale Champs-Élysées, kisha wanakwenda kucheza dansi kwenye vituo vya zimamoto. Mwanasheria aliyelifikiria hilo alistahili nishani.

Marekani nitaipita haraka kwa sababu mnaijua. Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa 2 Julai 1776. Kesho yake John Adams alimwandikia mkewe kwamba vizazi vyote vitaikumbuka tarehe 2 Julai kwa magwaride na mioto ya furaha. Mioto aliipatia. Ila watu walishika tarehe iliyokuwa juu ya karatasi ya Azimio la Uhuru, yaani 4. Adams mwenyewe akafa 4 Julai 1826, siku moja na Jefferson aliyeliandika Azimio, likitimiza miaka 50.

Sasa njooni Ghuba, wenzetu wa karibu. Kuwait ilipata uhuru 19 Juni 1961. Juni ya Kuwait mnaifahamu? Lami inalainika. Baada ya muda mfupi sherehe zikahamishiwa 25 Februari, siku aliyotawazwa Sheikh Abdullah Al-Salim mwaka 1950. Joto likakwepwa, na familia inayotawala ikajikuta katikati ya picha. Qatar walikuwa na 3 Septemba, uhuru wao wa 1971. Mwaka 2007 wakaiacha wakachukua 18 Desemba, kumkumbuka Sheikh Jassim aliyeshika uongozi mwaka 1878. Angalieni kilichofanyika hapo: kwa tarehe ya zamani nchi inaanza Mwingereza anapoondoka. Kwa tarehe mpya Mwingereza hayupo kabisa kwenye hadithi. Na fainali ya Kombe la Dunia 2022 ilichezwa lini? 18 Desemba.

Cameroon ndiyo inayotuhusu zaidi. Upande uliokuwa chini ya Wafaransa ulipata uhuru 1 Januari 1960, na upande wa kusini wa eneo la Waingereza ukajiunga nao 1 Oktoba 1961 kama shirikisho. Zote mbili zimeachwa. Sikukuu ya taifa ni 20 Mei, siku ya kura ya maoni ya 1972 iliyofuta shirikisho na kuleta dola moja. Yaounde hiyo ni siku ya umoja. Kwa watu wengi wa Bamenda na Buea, miji ya upande uliokuwa wa Waingereza, ndiyo siku waliyopokonywa kilichokuwa chao. Gwaride lilelile, mmoja anapiga makofi, mwingine anafunga mlango.

Kwetu sasa. 9 Desemba yenyewe haikuwa ya kwanza: mkutano wa katiba uliofanyika Dar Machi 1961 ulikubaliana uhuru uwe 28 Desemba, baadaye ikawahishwa. Hilo halina ubishi, ni ratiba tu. Yenye ubishi ni 10 Desemba 1963. Siku hiyo Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Mwingereza, Sultani akiwa Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Tarehe 16 mwezi huohuo ikaingia Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na tangu hapo 10 Desemba haina gwaride wala mzinga. Sisemi irudishwe wala isirudishwe. Nasema ukitaka kuielewa 12 Januari, huwezi kuielewa bila ile iliyoachwa.

Karibuni. Matusi peleka jukwaa la siasa.

#2 Bwana Pumzika

Mkuu umeandika gazeti zima. Mimi mtu wa kazi za zamu, sikukuu ya taifa kwangu ina sifa moja: isiangukie Jumapili. Hayo mengine ya Jefferson mtajua wenyewe.

#3 Kalenda ya Ukutani

@Bwana Pumzika unacheka, lakini Uswidi walikutana na hilo. 6 Juni ndiyo siku yao, ya kumkumbuka Gustav Vasa aliyechaguliwa mfalme mwaka 1523. Kwa miaka mingi ilikuwa siku ya bendera tu, watu wanakwenda kazini kama kawaida. Mwaka 2005 wakaifanya ya mapumziko, na ili kufidia wakaifuta Jumatatu ya Pentekoste. Jumatatu ni Jumatatu kila mwaka, 6 Juni inaweza kuangukia Jumamosi. Vyama vya wafanyakazi vikaanza kupiga hesabu za saa zilizopotea. Uzalendo ukaanza na manung'uniko ya mshahara.

#4 Bint Unguja

Kaka Kalenda, umeandika kwa adabu, ahsante. Ila kwetu hilo jambo si la vitabuni tu, kwa hivyo niseme nnavyolijua.

Mimi nimecheza halaiki Amaan nikiwa skuli. Wanaoitazama kwenye televisheni wanaona watoto wanageuka rangi uwanjani, hapa bendera, hapa maandishi, wanafikiri ni rahisi. Mazoezi yanaanza wiki nyingi kabla, mchana kweupe, wakati wenzenu wako likizo. Mwalimu ana filimbi na kipaza sauti, na kila mmoja ana nafasi yake aliyochorewa kwa chokaa. Ukikosea hatua moja, herufi inapinda na safu nzima inarudia. Maji ya kunywa yanaletwa kwenye ndoo, kikombe kimoja kinazunguka. Siku yenyewe unasimama tangu alfajiri, mgeni rasmi anaingia saa nyingi baadaye, na ukiisikia bendi ya polisi inaanza unasahau yote. Sijawahi kujihisi sehemu ya kitu kikubwa kama siku ile, na nasema kweli ingawa ukubwani nimekuwa na maswali mengi.

Nyumbani sasa. Upande wa mama yangu walikuwa ASP damu, chama cha Afro-Shirazi kilichoshika nchi baada ya Mapinduzi. Kwa bibi, 10 Desemba ilikuwa uhuru wa wengine, yeye mlangoni mwake haukufika. Akiulizwa, anasema sisi tulipata uhuru Januari, basi. Upande wa baba, watu wa mjini, wapo walioondoka 1964 wasirudi, na kwao 12 Januari ni siku ya kuswali na kukaa kimya. Ndoa ya wazazi wangu ilikuwa na kalenda mbili. Siku hiyo baba hutoka kwenda kutazama Kombe la Mapinduzi, mpira hauna chama, na mama anawasha redio.

Kwa hivyo ukisema tarehe imeachwa, sawa, serikali imeiacha. Majumbani haijaachwa, inasemwa kwa sauti ndogo.

#5 Jirani wa Ziwani

Salamu kutoka Kisumu. Kwetu Kenya tuliamua kumaliza huo ubishi kwa kuziandika tarehe ndani ya katiba. Ibara ya 9 ya Katiba ya 2010 inataja siku tatu tu: Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba. Rais akitaka kuongeza ya kwake kwenye hiyo orodha, ajipange na katiba.

Ile 20 Oktoba zamani iliitwa Kenyatta Day, kwa sababu usiku huo wa 1952 Mzee alikamatwa na hali ya hatari ikatangazwa. Lakini hakukamatwa peke yake, na msituni hakuwa yeye. Kwa hiyo tarehe ilibaki, jina la mtu likatolewa, ikawa ya mashujaa wote. Mtoa uzi, weka na hii kwenye hesabu zako: kuna nchi ambazo haziachi tarehe, zinaivua mwenyewe.

Moi Day nayo ni kichekesho chake. 10 Oktoba haikuingia kwenye katiba, tukajua imekufa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema sheria ya sikukuu haijabadilishwa, kwa hiyo bado ni mapumziko. Tangu hapo imebatizwa Huduma Day, ikawa Utamaduni Day, na 2024 ikawa Mazingira Day. Siku hiyo tumeambiwa tuhudumiane, tucheze ngoma, na sasa tupande miti. Mwili ni uleule.

Halafu kuna kuzungusha sherehe. Tangu Madaraka ya 2016 kule Nakuru, sherehe zimekuwa zikitoka Nairobi kwenda kaunti: Nyeri, Meru, Narok, Embu, Bungoma, Homa Bay. Zamu yetu ilikuwa Madaraka 2021, na ndipo tukapata uwanja wa Mamboleo. Wacha niseme ukweli, hotuba ya siku hiyo siikumbuki hata sentensi moja. Uwanja upo. Barabara za kwenda uwanjani zipo. Kama sikukuu ya taifa ina faida, mimi nimeiona kwa lami.

#6 Kalenda ya Ukutani

@Jirani wa Ziwani hiyo ya kuivua tarehe mwenyewe nimeipenda, naichukua. Na kwa kuzungusha, hamko peke yenu. Wajerumani pia sherehe rasmi ya 3 Oktoba huandaliwa na jimbo linaloshika uenyekiti wa baraza la majimbo mwaka huo. Huenda nchi ambayo tarehe yake haina moto inasaidiwa na safari.

#7 Hesabu Kwanza

Mimi napinga uzi mzima. Tunabishana tarehe, hatubishani bei. Mwaka 2015 Magufuli alifuta sherehe za 9 Desemba, fedha zikaenda kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, na wananchi tukashika mafagio. Mwaka 2022 Rais Samia naye akafuta, fedha zikaelekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Uhuru ulipungua? Mtoto wa Bint Unguja anasimama juani tangu alfajiri ili mtu mmoja kwenye kiti chenye kivuli apige makofi. Mkinionyesha nchi iliyosherehekea bila kifaru wala ndege za kivita, nitakaa kimya.

#8 Mpare wa Oslo

@Hesabu Kwanza kaa kimya basi, nakuletea Norway.

Siku yao ni 17 Mei, katiba iliyoandikwa Eidsvoll mwaka 1814. Na hii inakolea kwenye hoja ya mtoa uzi: uhuru wao kamili kutoka Uswidi ulikuja 1905, tarehe 7 Juni. Hiyo wameiacha iwe siku ya bendera tu. Wanasherehekea katiba waliyoiandika huku wakijua wanaingizwa chini ya mfalme wa Uswidi mwaka uleule.

Huko hakuna vifaru. Wanaopita ni watoto wa shule. Kila shule na bendera yake na bendi yake ya matarumbeta, wanapanda barabara ya Karl Johan hadi ikulu, na mfalme na familia yake wanasimama rosheni wakipunga mkono mpaka shule ya mwisho ipite. Kazi ya mfalme siku hiyo ni kusimama. Watu wazima wanavaa bunad, mavazi ya asili ya kila eneo, yenye vifungo vya fedha vinavyorithiwa. Watoto wanakula aiskrimu na soseji bila kukemewa. Mwanangu amezaliwa hapa, alipita na darasa lake ameshika kibendera, nikajikuta napiga kelele kama niko Uwanja wa Uhuru.

Msidhani ilikuwa tamu tangu mwanzo. Mfalme wa Uswidi hakuitaka siku hiyo, na 17 Mei 1829 askari walitumwa kuwatawanya watu uwanjani hapa mjini. Wajerumani walipoikalia nchi wakati wa vita wakaipiga marufuku tena. Ndiyo maana ina ladha.

#9 Dereva Maskati

Nipo Oman, naomba niongezee kwa sababu limetokea juzijuzi na linagusa kwetu.

Miaka yote sikukuu hapa ilikuwa 18 Novemba, siku aliyozaliwa Sultan Qaboos mwaka 1940. Magari yanabandikwa picha yake mpaka kwenye kioo cha nyuma, taa za kijani, nyekundu na nyeupe kila barabara. Alipofariki Januari 2020 watu walijiuliza itakuwaje. Mrithi wake, Sultan Haitham, hakuigusa kwanza. Kisha Januari 2025 akatangaza kwamba sikukuu ni 20 Novemba, siku ya mwaka 1744 ambayo Imam Ahmed bin Said alishika nchi na kuanzisha utawala wa Albusaidi.

Yaani imetoka kwa mtu mmoja ikaenda kwa ukoo. Na Albusaidi ndio haohao waliotawala Unguja mpaka 12 Januari 1964. Jamshid aliyetajwa pale juu aliishi Uingereza kwa miongo mingi, akaruhusiwa kuja Oman 2020, na amefia hapa mwisho wa Desemba 2024. Kwa hiyo taa zinazowaka Maskati kila 20 Novemba zinausherehekea ukoo uleule ambao gwaride la Amaan linashangilia kuondoka kwake. Mimi Mzanzibari nafanya kazi hapa, siku zote mbili napumzika. Sijamwambia mtu yeyote kazini.

#10 Mwana Katanga

Ndugu zangu, Kongo hatukubishana tarehe, 30 Juni 1960 imebaki. Sisi tunabishana juu ya dakika zake.

Siku moja kabla, 29 Juni, mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipita Léopoldville, Kinshasa ya leo, amesimama ndani ya gari la wazi. Kijana anaitwa Ambroise Boimbo akachomoka kwenye watu akauchomoa upanga wa mfalme kiunoni, akakimbia nao juu kwa juu. Picha ipo, dunia nzima imeiona. Kesho yake mfalme akasoma hotuba ya kumsifu Leopold II, na Lumumba, ambaye hakuwa kwenye ratiba ya kuzungumza, akasimama akawakumbusha waliokuwepo kuhusu matusi na viboko vya asubuhi, mchana na jioni. Barabara ile ya mfalme leo inaitwa Boulevard du 30 Juin.

Serikali nyingi zimepita. Tarehe hakuna aliyethubutu kuigusa, ila kila moja imechagua ni hotuba gani isomwe shuleni na ipi iachwe. Kuacha si lazima kuwe kwa siku nzima.

#11 Wakili wa Pembeni

Mtoa uzi, una tundu kwenye hoja: India. Wao hawakuacha.

Chama cha Congress kilipitisha azimio la uhuru kamili Desemba 1929, na 26 Januari 1930 ikawa siku ya kuuadhimisha, kila mwaka, wengine wakifungwa kwa ajili yake. Uhuru ulipokuja hawakupewa siku hiyo. Mountbatten, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza kule India, alichagua 15 Agosti 1947 kwa sababu ilikuwa kumbukumbu ya Japani kusalimu amri, vita ambayo yeye alikuwa kamanda wake kule Asia ya Kusini-Mashariki. Wanajimu wakasema siku hiyo ina mkosi, ndiyo maana shughuli ikafanyika saa sita usiku.

Wahindi walifanya nini? Waliipokea 15 Agosti, na ile yao hawakuitupa. Katiba ilikuwa tayari imepitishwa 26 Novemba 1949, lakini wakaisubirisha miezi miwili ili ianze 26 Januari 1950. Leo wana zote mbili. Ghana nao uhuru wao ni 6 Machi 1957, tarehe ileile ya mkataba wa 1844 ambao machifu wa pwani walijifunga kwa Waingereza. Waliichukua siku ya kufungwa wakaifungulia.

#12 Kalenda ya Ukutani

@Wakili wa Pembeni hilo si tundu, hilo ni dirisha. India ilikuwa na tarehe ya mtawala na tarehe yake, ikaipa kila moja kazi: moja ya bendera, moja ya katiba. @Bint Unguja, hivi Zanzibar isingeweza kufanya hivyo? 10 Desemba ya Mwingereza kuondoka, 12 Januari ya Mapinduzi?

#13 Bint Unguja

Kaka, waliosherehekea 26 Januari na waliopokea bendera 15 Agosti India ni chama kimoja, watu walewale, wengine ndugu. Kwetu mawaziri wa 10 Desemba walitiwa ndani na watu wa 12 Januari. Ukiziweka zote mbili kwenye kalenda moja, mgeni rasmi wa kwanza atasoma hotuba gani Desemba, na wa pili atasoma gani Januari, na mtoto wa halaiki asimame kwenye zote? Mimi ningependa ije siku nizione hizo hotuba mbili. Lakini wa kuziandika sio mimi wala wewe, na wale niliokuwa nikiwauliza, bibi na wenziwe, wengi wameshatangulia.

Kwa @Hesabu Kwanza: aliyesimama juani sio mtoto wangu, ni mimi. Na kivuli tulitaka sana.